Sweta la kashimiri: ulaini usituhadae

Mwaka juzi tulimchangia mwanafunzi wetu aliyekwenda kusoma Uturuki, tukamnunulia sweta la sufu ya kashimiri katika soko la Owino, Kampala. Tulichagua lililo laini kuliko yote. Kabla baridi haijaisha, viwiko vilitoboka. Kijana akaona haya kutuambia.

Sufu hiyo ni manyoya ya ndani ya mbuzi, hasa wa China na Mongolia. Mbuzi mmoja hutoa kiasi cha gramu 200 tu kwa mwaka. Nyuzi zake zikiwa fupi, sweta huwa laini dukani lakini halidumu. Basi livuteni kidogo: lirudi lilivyokuwa. Lisugueni kwa kiganja: likitoa vidonge vya nyuzi, liacheni.

Pesa ya mchango ni amana.