Kabla ya Kuteremkia Homa Bay

Ukitoka Migori kwenda Homa Bay kwa pikipiki, ndugu msomaji, usiwe na pupa ya kupanda. Zunguka nyuma kwanza. Springi zile mbili kando ya gurudumu zina pete yenye ngazi, aghalabu tano, ambayo fundi huizungusha kwa spana.

Dereva akiwa peke yake, ngazi ya chini yatosha. Lakini ukikaa wewe na gunia lako la mahindi, mkia huzama, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani huyumba, na breki ya mbele ikishikwa ghafla tairi huteleza. Basi na akaze ngazi mbili, kulia na kushoto sawasawa. Shokomzoba likivuja oili, hakuna ngazi itakayolifaa. Wewe panda matatu!

Awendo mtapishana na matrekta ya miwa. Rongo mtaiacha barabara kuu, na nchi huteremka kuelekea ziwani. Huko ndiko breki hupimwa.

Mkishashusha gunia, mkumbushe dereva alegeze tena: springi ngumu bila mzigo hurusharusha gurudumu la nyuma ashikapo breki. Kisha nenda ufukweni ukale ngege.