Njia ya Butiama na Sanduku la Magazeti

Ndugu msomaji, ukipata nafasi, panda basi la kutoka Mwanza kwenda Mara. Utapita Bunda, kisha utafika Makutano, ambapo njia zagawanyika. Ya kushoto yaenda Musoma, mji wa majabali kando ya Ziwa Victoria. Ya kulia yaenda Butiama.

Katika mabasi ya namna hii watu wengi walipitisha safari wakisoma magazeti ya picha. Miaka ya mwisho ya 1960 walimfuata Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia, katika gazeti la African Film. Katika gazeti la Uhuru walimcheka Chakubanga, kazi ya mchoraji Christian Gregory. Kisha likaja Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ambao majina yao ndiyo yaliyolipa jina. Humo Philip Ndunguru alituchorea Lodi Lofa na Ndumilakuwili, hata alipofariki mwaka 1986, angali kijana.

Wengine husema hayo ni mambo ya kitoto. Lakini huko Uingereza liko gazeti la picha liitwalo 2000 AD, lenye hadithi za mitambo na nyota za mbali. Lilianza Februari 1977, na hata leo hutoka kila juma. Wako waliolishika tangu utoto, nao sasa wana mvi. Upendo kama huo si ujinga, kwa maana mtu asomaye kwa hamu kila juma hasahau kusoma.

Sasa ingia Butiama. Hapo ndipo alipozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, na hapo ndipo alipozikwa mwaka 1999. Yako makumbusho yake, yaliyofunguliwa mwaka huohuo. Naye alikuwa na mwandishi mmoja asiyemwacha: Shakespeare. Mwaka 1963 alitoa tafsiri ya Julius Caesar. Hakuridhika; akairudia, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Kumbe hata mkuu wa nchi, mwenye shughuli nyingi, aweza kurudia kitabu akipendacho!

Vitu vya Mwalimu vimetunzwa. Je, yale magazeti ya picha yako wapi? Mengi yamefungia karanga na maandazi, mengine yamewashia moto. Hakuna atakayetuwekea yote. Yaliyobaki yamo masandukuni mwa wazee wetu, na mzee akifa, mara nyingi sanduku hufagiliwa pamoja na takataka.

Basi, enyi wazazi, msiyatupe. Yapangeni kwa tarehe, myatie katika sanduku la bati lililo kavu, mliinue juu ya mawe mchwa wasilifikie, wala msiliweke chini ya paa livujalo. Jioni, fungueni, mwana asome kwa sauti na babu aeleze. Mtacheka pamoja, na mtoto atajua nchi yake ilichekea nini kabla yeye hajazaliwa.