Droni, mazuku na mahali pa kusimika bashi

Juma hili kuna swali limenifikia mara nyingi kuliko swali la bei ya makala. Baba mmoja aliyefika Bulengo na watoto watano aliliuliza vizuri kuliko wote: wale vijana wanaopiga picha za arusi na droni kule kando ya ziwa, hawawezi kurusha ile ndege yao watuonyeshe mahali pasipo mtu, tusimike bashi yetu? Redioni nina dakika tatu, na dakika tatu hazitoshi. Kwa hiyo naandika.

Swali si la kipuuzi. Niliwahi kuona droni ikifanya kazi hiyo, tena vizuri. Ilikuwa 2019, wakati vijana wa Goma walikuwa bado wanapanda Mushaki siku za mapumziko kula nyama na fromaji. Tulikuwa wanane, na hema za kuazima, tukitaka kulala usiku mbili kwenye malisho. Rafiki yangu mpiga video alikuwa na kadroni kadogo, chini ya gramu 250, kanaingia mfukoni mwa koti. Mwenye shamba alitukubalia, akasema laleni popote upande ule wa uzio. Sasa, "popote" ya mtu mwenye ng'ombe wengi ni pana kweli.

Kadroni kalipanda, na kabla chai haijachemka tulikuwa tumejua mengi. Pale palipotuvutia kutoka barabarani, nyuma yake palikuwa na dimbwi ambalo ng'ombe hunywa, matope matupu. Palikuwa na njia ya mifugo ambayo tungelala juu yake bila kujua. Na nyuma ya miti ya kalitusi palikuwa na bega la kilima, pakavu, na kijito chini yake. Tulikwenda moja kwa moja. Rafiki yangu alinifundisha mambo ambayo bado nayaamini. Rusha asubuhi mapema kabla ya upepo. Usipande juu sana, maana ukiwa juu kila kitu kinaonekana bapa kama meza. Jua likiwa bado chini, vivuli vinakuonyesha mashimo na matuta ambayo saa sita hutayaona. Na usiamini dakika zilizoandikwa kwenye boksi: kule juu hewa ni nyepesi, mapanga yanafanya kazi zaidi, betri inaita mapema.

Siku ile tulikuwa na ruhusa ya mwenye shamba, tulikuwa na chakula, na Jumapili tulirudi kila mtu kwao. Neno kambi lilikuwa neno la raha.

Sasa tushuke Bulengo. Nilitembea na yule baba kutafuta, na alikuwa ameshaona mahali. Kwa kweli palikuwa pazuri kwa macho: kibonde kidogo, majani mabichi, hakuna upepo, hakuna kibanda hata kimoja wakati kila mahali pengine bashi zinagusana. Ukirusha droni hapo, picha ingesema: pako wazi, simika. Mama mmoja aliyekuwa anapita na bidoni mgongoni alitusikia, akasimama. Akatuuliza tu, mnadhani kwa nini watu wote hawa wamepaacha?

Mazuku. Wenyeji wa Himbi, Kyeshero, Lac Vert, Mugunga mpaka njia ya Sake wanalijua neno hili tangu utoto, lakini aliyetoka Rutshuru au ndani Masisi juma lililopita huenda hajalisikia. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini kwa sababu ya volkano zetu. Haina rangi. Harufu hutaisikia. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaza mabonde na mashimo kama maji yanavyojaza sahani, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Jua likipanda na upepo ukivuma inapungua, na ndiyo maana mtu anaweza kupita hapo saa nane mchana, asihisi chochote, akarudi usiku kulala na asiamke. Wanaoanza kufa ni walio karibu na udongo: kuku, mbuzi, mtoto aliyelazwa kwenye mkeka. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri hatua moja kutoka kwa mtoto anayekata roho.

Kamera ya arusi haioni gesi hiyo. Kinachoiona ni kumbukumbu ya wenyeji. Tazameni kama kuna ndege au wadudu waliokufa chini. Tazameni vibao vya OVG, kituo chetu cha kuchunguza volkano, na kama kibao kimeng'olewa kwa ajili ya kuni, ulizeni kilikuwa wapi. Wengine wanashusha kibiriti chenye moto: ukizimika, ondokeni mbio kupanda juu. Lakini moto kuendelea kuwaka si cheti cha usalama, maana gesi huanza kumlewesha mtu kabla haijafika kiasi cha kuzima moto. Na mtu akianguka bondeni, usishuke na wewe kumwinamia. Wengi wamekufa wawili wawili namna hiyo.

Jiwe nalo linadanganya kutoka juu. Lava ya 2002 iliyopita katikati ya muji, na ile ya 2021 upande wa Kibati na Buhene, kwenye picha ni uwanja mweusi, mpana, hauna mtu. Jaribu kuchimba choo hapo. Waliokuwa Goma Julai 1994 hawahitaji kuambiwa: wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa mamia ya elfu katika siku chache, mwamba ukakataa jembe, vyoo havikuchimbika, hata makaburi hayakuchimbika, na kipindupindu kikaua makumi ya elfu. Kigingi cha hema pia hakiingii. Kamba unafunga kwenye mawe, na upepo wa mvua unajua hilo. Msitu mnaouona kaskazini, wa kijani na usio na nyumba, ni Hifadhi ya Virunga, ina mipaka tangu 1925, na akina mama wanaokwenda kule kutafuta kuni wanajua hatari wanayokutana nayo kuliko ninavyoweza kuiandika hapa. Kuta ndogo za mawe ambazo kwenye picha zinaonekana kama mistari tu, kila moja ina mwenyewe, na mwenyewe ana karatasi, au ana ndugu wengi.

Haya yote yangeweza kurekebishwa na mtu anayejua kusoma picha. Jambo la mwisho halirekebishiki, na ndilo lililonifanya nisimwombe rafiki yangu atoe ndege yake kwenye begi.

Ni sauti. Tarehe 3 Desemba 2013 MONUSCO ilirusha hapa Goma droni zake za kwanza za uchunguzi, zisizo na silaha, na Umoja wa Mataifa haukuwa umewahi kufanya hivyo katika kazi zake za kulinda amani. Wakati ule watoto walizipungia mikono. Februari 2024 uwanja wetu wa ndege ulipigwa usiku, jeshi likasema ni droni. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za wahami huku Mugunga na Lac Vert, watoto wakafa ndani ya hema. Yale hayakuwa ya droni, lakini mtoto hatofautishi. Mwaka huo Lushagala, ukiwasha hata pikipiki yenye injini ya kulialia, ulikuwa unaona nani anatazama juu. Mimi sitapeleka nzi wa chuma juu ya watu hawa ili kuwasaidia. Tena picha ya kambi, yenye namba za mahali ilipopigwa, ikitoka kwenye simu moja haijulikani itaishia kwa nani. Na bila ruhusa ya wenye mamlaka, mrushaji atalala kasho, na kwa wakati huu sidhani atakuwa na bahati ya kulala kasho tu.

Mashirika yanayopanga mabomba ya maji na barabara za kambi yanaweza kutumia picha za angani, zina faida, nimeshaziona kwenye mikutano. Ila wapite kwanza kwa prezida wa kambi na watangaze siku na saa, hata kwa redio. Tutawatangazia bure.

Kwa familia inayotafuta mahali, dawa ni miguu, na swali la kumuuliza chefu wa kartie si "nani mwenye hapa" peke yake. Ulizeni: nani aliwahi kulala hapa, na kwa nini aliondoka?

Yule baba na mke wake walichagua juu, kwenye mteremko wa mawe, karibu na familia tatu zilizokuwa zimemaliza msimu mmoja wa mvua hapo. Si pazuri. Maji ni dakika arobaini kwenda na kurudi, na kwa sababu ya upepo walifunga bashi mara mbili, mara ya pili na mawe tuliyobebewa na kijana wa chukudu ambaye alikataa kulipwa. Siku mbili baadaye nilikuta watu wengine wameshasimika katika kile kibonde, watu saba, wametoka Sake. Tulirudi na chefu na yule mama wa bidoni tukawaeleza. Vijana walihamisha bashi jioni ile ile. Bibi yao alisema amechoka kuhama, atafikiri kesho. Walimbeba na mkeka wake.

Alhamisi nilipita tena, maana kibonde kilikuwa bado kiko wazi na watu walikuwa bado wanafika.