Plagini Iliyokosa Mwenyewe

Nilipoanza kuchora ramani ya Nhica do Rovuma, kijiji cha kaskazini mwa Msumbiji, sikujua kwamba plagini, vile viprogramu vya nyongeza, nazo zina wenyewe. Zilikuwa enzi za QGIS 2, toleo la zamani la programu huria ya ramani. Nikiwa Mtwara, Tanzania, penye intaneti, nabonyeza tu: QuickOSM inaingia, inavuta nyumba na njia kutoka ramani huria ya OpenStreetMap, natia kwenye flashi, navuka mto Rovuma kwenda kwa wajomba. Kule mtandao ulikuwa wa kupandia kichuguu.

Iliyonifaa kuliko zote ilikuwa plagini ndogo ya kuhesabu nyumba kwa kitongoji. Mtu mmoja aliiandika kwa haja zake, akawaachia wengine bure.

Februari 2018 ikatoka QGIS 3. Lugha ya plagini, Python 2, ikapisha Python 3; maktaba ya madirisha, Qt4, ikapisha Qt5; na plagini nyingi za zamani zikagoma. QuickOSM ilikuwa na watu wa kuihamisha. Ile yangu haikuwa na mtu. Nililalamika miezi (kulalamikia cha bure ni rahisi), kisha nikaifungua zipu yake. Faili chache tu! Kwenye metadata.txt nikaandika qgisMinimumVersion=3.0, nikafuta PyQt4 nikaweka qgis.PyQt, kila print nikaivisha mabano. Ikagoma tena. Siku ya tatu ndipo nilipong'amua kwamba QgsMapLayerRegistry imeondolewa, kazi yake imehamia QgsProject. Mistari miwili. Nikamtumia aliyeiandika marekebisho; akashukuru, akanikabidhi plagini nzima.

Nikampelekea mjomba ramani iliyotoka, kumwonyesha. Akainamia kioo, akafuata njia kwa ukucha. "Mwanangu, nyumba umezihesabu vizuri. Kisima kiko wapi?" Nikaongeza visima, kwa majina wanayoyaita wenyewe.

Machi 2021 mji jirani wa Palma ukashambuliwa, na watu wengi wakakimbia kwa miguu, wakipitia Nhica. Mjomba alipopatikana kwenye simu aliniambia nyumba yake ina kaya nne, na wengine wako chini ya miembe. Plagini yangu ingesema: nyumba moja. Usiku ule niliongeza safu ya watu wanaolala, iwe ndani au nje ya nyumba, na hiyo ndiyo kazi pekee ya msimbo ninayojivunia.

Sasa Qt6 imebisha hodi, na kazi ya kuhamisha inaanza upya. Msimbo uko wazi. Anayejua Python kidogo, mwenye jioni mbili za kutoa, karibu tushike pamoja.