Maneno ya Mwisho ya Taarifa

Wengi waandikao taarifa ya uchunguzi hufika mwisho wamechoka. Huyarudia ya mwanzo, au humaliza kwa salamu kama barua. Lakini mwisho haufai kusema kupita hesabu, wala kumwacha msomaji bila la kufanya. Twapenda mfano wa John Snow, tabibu wa London, katika kitabu chake cha 1855 juu ya kipindupindu. Alihesabu vifo vya majuma 7 ya 1854: katika kila nyumba 10,000 zilizoletewa na kampuni moja maji machafu ya mto Thames, watu 315, kwa kampuni iliyoteka juu ya mji, 37. Na lile bomba la Broad Street, lililoondolewa mpini kwa shauri lake? Hakujisifu. Aliandika kwamba watu wengi walikuwa wamekwisha kukimbia, na ugonjwa umepungua tayari. Kisha, karibu na mwisho wa kitabu, akataja ya kufanya: wanaouguza wanawe mikono kabla ya kugusa chakula, na maji yenye shaka yachemshwe. Hayo hata mama asiyejua kusoma aweza kuyatenda jioni ile ile.