Nyumba za Minneapolis na Gharama ya Darini

Mji wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, umejengwa kandokando ya mto Mississippi, kaskazini ya mbali ambako usiku wa Januari baridi yaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na hata zaidi. Jimbo hilo ndilo lenye Wasomali wengi kuliko yote nchini humo, na miongoni mwao wamo waliolelewa Kenya, ambao Kiswahili kwao si lugha ya kujifunza. Mnamo Aprili 2023 baraza la mji liliruhusu adhana zote tano zisikike kwa vipaza sauti. Mwishoni mwa Disemba, jua linapokuchwa kabla ya saa kumi na moja za jioni, Alasiri na Magharibi hufuatana karibu mno.

Tulifikia kwa binti ya ndugu yetu, katika mtaa wa nyumba za bangaloo za miaka ya 1920. Kwa mbele nyumba hizi huonekana fupi, lakini chini ya paa lake kali mna ghorofa nusu, chumba ambacho dari yake imeinama pande mbili. Humo ndimo alimolala mavyaa wake, mwanamke mzee wa Lamu.

Kwetu pwani, nyumba ya mawe ilijengwa ili joto lipungue: kuta nene za matumbawe, dari za boriti zilizoinuliwa juu, na kiwanda cha ndani cha kuvuta upepo. Huko hesabu imegeuzwa. Joto hununuliwa, na nyumba ni chombo cha kulihifadhi. Chini ya sakafu mna boila ya gesi inayochemsha maji, na maji hayo huzunguka katika redieta za chuma zilizo vyumbani. Kwa sababu hiyo nyumba hizi kongwe hazina mabomba ya kupitishia hewa. Mwenye kutaka hewa baridi wakati wa kiangazi, ambapo chumba cha juu huwa kama tanuri, au hewa moto wakati wa theluji, hana budi kuyaweka upya, na nafasi iliyo wazi ni darini.

Hapo ndipo gharama inapoanza kupanda. Bomba la hewa lililowekwa darini hupita mahali ambapo baridi ni sawa na ya nje. Ni sawa na kupika uji jikoni kisha kuubeba katika bakuli wazi hadi mtaa wa pili. Hivyo bomba huvishwa sufi nene, na viungo vyake huzibwa kwa lami maalumu, kwani katika nyumba ya kawaida ya Marekani hewa inayopotea kwa viungo vibovu hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 20 na 30. Hewa moto ikivuja darini huyeyusha theluji juu ya paa. Maji hutiririka hadi ukingoni, huganda tena huko, na barafu hiyo huyarudisha maji nyuma hadi yakapenya ndani ya kuta.

Liko pia jambo la afya. Katika baadhi ya madari ya zamani mna changarawe nyepesi za kijivu zing'aazo, zilizomwagwa kuzuia baridi. Nyingi zilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa 1990, ambao madini yake yalichanganyika na asbesto. Mamlaka ya mazingira ya Marekani huwashauri wenye nyumba wazichukulie kuwa zina sumu hiyo na wasizichokoe. Kuziondoa ni kazi ya wataalamu, na malipo yake ni mbali na ya mabomba.

Jamaa zetu walikuwa na akiba ya dola 14,000, waliyoiweka kidogo kidogo kwa mchezo wa akina mama na mshahara wa mume. Fedha hizo zilikuwa za Hija ya bibi. Fundi wa kwanza alitaka dola 11,000 kwa mabomba na mashine. Wa pili, aliyeongeza sufi na kuziba matundu, alitaka 16,500, akasema zilizopungua zaweza kukopwa benki. Bibi aliposikia akasema, "Mwanangu, chukueni zangu. Mimi nitakwenda Mola akinijaalia." Mwanawe akainama, akajibu, "Mama, hizo hatuzigusi, na riba haiingii nyumba hii." Nyumba ikawa kimya siku mbili.

Fundi wa tatu alikuwa Msomali aliyekulia Mombasa. Alipanda darini, akafungua ubao wa pembeni, akakuta sufi kuukuu ya kawaida, si zile changarawe. Akashuka, akasema, "Mama, funika chungu kwanza, ndipo uongeze kuni." Alishauri yazibwe matundu yote na itandazwe sufi mpya kwa dola 4,200, kisha, wakijaliwa, waweke pampu ndogo ya joto ukutani mwa chumba cha juu kwa dola 5,500, isiyohitaji bomba la hewa hata moja. Jumla ni dola 9,700, chini ya bei ya yule wa kwanza, nayo hulipwa kwa mafungu mawili.

Walilipa fungu la kwanza kwa fedha taslimu. Dola 9,800 zilibaki katika jina la bibi, na pampu ikaahirishwa hadi mchezo utakaomfikia mkewe mwaka unaofuata.

Enyi wasomaji wetu mlio na wana ughaibuni, wakiwaandikia kuomba mchango wa nyumba, waulizeni kwanza mambo manne: Je, dari imezibwa? Je, mna changarawe zile za zamani? Je, bomba litapita mahali pa baridi au ndani ya joto la nyumba? Na je, liko jingine lisilohitaji bomba? Makadirio ya fundi mmoja hayatoshi. Yatafuteni matatu, yote kwa maandishi. Jibu moja kati ya hayo laweza kuokoa akiba ya mzee aliyengojea miaka mingi.