Itachi, Kijana Asiyeshindwa

Akina mama wenzetu wenye vijana wa kiume huenda wamekwisha kulisikia jina la Itachi Uchiha, hata kama hawajui ni nani. Ni yule kijana mwenye macho mekundu, aliyevaa joho jeusi lenye mawingu mekundu, ambaye picha yake wanaibandika kwenye madaftari na kuiweka kwenye simu. Anatoka katika Naruto, hadithi ya picha aliyoichora Mjapani Masashi Kishimoto kuanzia 1999 hadi 2014, na ambayo tangu 2002 ilioneshwa pia kama katuni ya televisheni. Vijana wa kanisani tunaokaa nao Jumamosi mchana hubishana juu yake kama baba zao wanavyobishana juu ya Simba na Yanga. Nani angeweza kumshinda Itachi? Hakuna, wanasema.

Basi tukakaa nao tukatazama. Wao waliona jemadari. Sisi, kwa mazoea ya wodini, tulimwona mgonjwa.

Kwanza tueleze sifa zake, maana si za kubezwa. Alimaliza shule ya wapiganaji akiwa na miaka 7, na alipofika 13 alikuwa tayari nahodha wa kikosi cha siri cha kijiji chao. Nguvu yake kubwa imo machoni. Akikutazama mara moja tu, anaweza kukufanya uone umeteswa siku 3 mfululizo, kumbe ni kufumba na kufumbua. Anaweza pia kuwasha moto mweusi usiozimika kwa maji. Mwanzoni tunaoneshwa kwamba ndiye aliyeua ukoo wake wote usiku mmoja, baba na mama wakiwamo, akamwacha hai mdogo wake tu, Sasuke, ili amchukie na kukua akitafuta kisasi. Ni mambo mazito, na kwa maoni yetu mtoto wa darasa la pili hapaswi kuyatazama.

Lakini angalia yanayofuata baada ya kila ushindi wake. Macho yale, kila anapoyatumia, yanazidi kupofuka. Mapema kabisa katika hadithi kuna mahali ambapo Itachi anamkimbia mpiganaji mzee, na mwenzake Kisame anashangaa kwa nini wakimbie. Itachi anajibu kwa utulivu kwamba, pamoja na mambo mengine, anahitaji kupumzika. Vijana walipita hapo bila kutia maanani. Mwuguzi hapiti hapo. Mtu mwenye nguvu zake akisema anahitaji kupumzika, na anasema kwa sauti ya kawaida kama anayeomba maji, huyo ni wa kumwangalia mara mbili.

Katika pambano la mwisho na mdogo wake, yote yanafichuka. Anamwona Sasuke kama kivuli chenye ukungu. Anashika kifua, anakohoa, na damu inamtoka kinywani. Baadaye mtu mmoja aliyevaa kinyago anamweleza Sasuke kwamba kaka yake alikuwa na maradhi, akajua siku zake ni chache, akawa anajisukuma kwa dawa ili aishi mpaka mdogo wake awe tayari kupigana naye. Maradhi gani? Kishimoto hakuyataja. Wapenzi wa hadithi hii hukisia mengi. Sisi mkono ulituwasha kuandika fomu ya kupima makohozi, kwa kuwa kwetu anayekohoa damu hufikiriwa kifua kikuu kwanza, ingawa mapafu na moyo vina magonjwa mengine yanayoleta dalili hiyo.

Hata hivyo ugonjwa si udhaifu wake mkubwa. Mkubwa ni kwamba alikuwa na siri na akaibeba peke yake. Ukoo wake ulikuwa ukipanga uasi, na wakubwa wa kijiji walimtwika kijana wa miaka 13 kazi ya kuwamaliza watu wake, kwa ahadi kwamba Sasuke atabaki hai. Tunajua kutoka sura za baadaye kwamba baba na mama yake, Mikoto, hawakupigana naye usiku ule. Walikaa chini wakamgeuzia mgongo. Walikuwa wanajua. Baba akamwomba amtunze mdogo wake, na Itachi akalia huku ameshika upanga. Hapo sisi tulisimamisha picha kidogo, tukajidai tunatafuta chai.

Mvulana wa kwanza wa nyumba, mtulivu, asiyesumbua, anayepasi mitihani. Huyo ndiye tusiyemwuliza hali yake, kwa sababu anaonekana mzima. Kliniki tunawaona wakiwa wameshakua: wanaume wanaokuja wakisindikizwa na wake zao, baada ya kukohoa miezi, na bado wanasema ni vumbi la kazini.

Na yule aliyelindwa kwa siri, je, alipona? Hapana. Sasuke alikua amejaa chuki, akamwona kaka yake akifa mbele yake, akaguswa kipaji cha uso kwa vidole viwili vyenye damu, namna ileile alivyokuwa akitaniwa utotoni kila alipoomba wacheze na kaka akasema siku nyingine. Alipoambiwa ukweli alizidi kuharibika. Baadaye, kwa uchawi wa hadithi, Itachi anarudishwa kutoka kwa wafu kwa muda mfupi, na anakiri mwenyewe kwamba alishindwa kwa kutaka kufanya kila kitu peke yake, na kwamba laiti angemweleza mdogo wake tangu mwanzo. Kisha anamwambia kuwa atampenda daima, lolote atakalochagua.

Tulipofika hapo vijana wetu walinyamaza, hata yule mwenye maneno mengi. Mmoja akauliza ni nani aliyekuwa akimpa Itachi zile dawa. Tulirudi nyuma kutafuta. Hatukumwona daktari wala mwuguzi. Hakuna hata mtu mmoja aliyeketi naye akamwuliza anaumwa wapi.